Picha za barua pepe hazifunguki kwenye kompyuta, naomba ushauri

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada kwa wanaojua mambo ya kompyuta.

Dada ametutumia picha za harusi kwa barua pepe kutoka kwenye iPhone yake. Kwenye simu zinafunguka vizuri, ila nikizipakua kwenye kompyuta ya Windows 10 zinaishia na .heic badala ya .jpg, na hazifunguki. Nimebadilisha jina la faili liwe .jpg, wapi! Skrinishoti nayo inatoa picha hafifu, na wa studio anataka faili zenyewe ili asafishe kubwa za ukutani.

Je, nizigeuzeje bila kupunguza ubora? Tovuti nisizozijua sitaki, kuna sura za watoto. Na dada abadili setingi gani zije .jpg moja kwa moja?