Tupeane uzoefu: mliosomea ubunifu wa mitindo chuo kikuu, mlipitia nini hadi mkafika kazini?

BintiMarikani
Habari zenu wote. Mdogo wangu wa kike amepata nafasi ya kusoma shahada ya ubunifu wa nguo, na tangu taarifa ilipofika nyumbani hapajakuwa na utulivu. Baba anauliza inakuwaje mtoto aliyefaulu vizuri kidato cha sita aende chuo kikuu kujifunza kazi ambayo fundi wa barazani kwetu aliijua kabla hajaota ndevu. Maneno hayo niliyasikia mimi pia nilipoichagua fani hii, na kuyasikia tena yakielekezwa kwa mtoto mwingine kumeniuma.

Nianze na jambo ambalo wazazi hawalioni. Mwaka wa kwanza tulishona kidogo sana. Tulichora mwili wa binadamu, tulichanganya rangi na tulisoma nyuzi. Mwalimu alitufundisha kuchomoa uzi kwenye kitambaa na kuuwasha kwa moto wa mshumaa: pamba hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini, ilhali poliesta huyeyuka, hujikunja na kuacha kipande kidogo kigumu ambacho hakivunjiki vidoleni. Hadi leo ninapokwenda Kariakoo na muuzaji akaapa kwamba kitambaa ni pamba tupu, huomba uzi mmoja tu. Naomba kila aliyepita njia hii aseme ukweli wake, mzuri na mbaya, ili nimsomee baba.

Nyuzi45
Umenikumbusha usiku ambao sitausahau. Tulikuwa mwaka wa tatu, na asubuhi yake tulipaswa kusimamisha mavazi yetu mbele ya jopo la waalimu pamoja na wageni kutoka viwandani. Karakana ya chuo ilikuwa na cherehani chache kuliko wanafunzi, ovaloki, ile cherehani ya kufunga kingo zisifumuke, iliyofanya kazi ilikuwa moja, na foleni yake ilianza tangu jioni. Zamu yangu ilipokaribia, umeme ukakatika. Tulikaa gizani tukiangaziana kwa simu, wengine wakilia, kwa sababu vitambaa vyetu vilikuwa vyepesi na kingo zake zilikuwa zinafumuka kila unapozishika.

Nilibeba mfuko wangu nikatoka hadi kwa mzee mmoja aliyekuwa akishona karibu na kituo cha daladala kwa cherehani ya kukanyaga kwa miguu, taa ya chemli pembeni. Nilimweleza shida yangu. Alilitazama gauni, akanionyesha namna ya kuunga bila ovaloki kabisa: unalaza kwanza vitambaa ndani kwa ndani na kushona karibu na ukingo, mshono ukiwa nje, unapunguza kingo kwa mkasi, unageuza, kisha unashona tena kwa ndani ili kingo zote zifichwe ndani ya mshono wenyewe. Alinipisha kwenye kiti chake nikashona mwenyewe hadi karibu na alfajiri. Jopo lilipogeuza gauni kutazama ndani, mgeni mmoja aliwaita wenzake waje waone. Mshono ule ulikuwa kwenye kitabu chetu cha mwaka wa pili, lakini hakuna aliyewahi kutushikisha kitambaa tuufanye. Mzee yule hakukubali malipo yoyote.

Pindo_na_Mji
Dada, nimesoma huku moyo ukinienda mbio. Karakana hiyo naijua, na foleni hiyo naijua.

FundiWaMchikichini
Ninashukuru kwa heshima aliyopewa mzee wetu, na sasa niseme la upande wetu. Hawa vijana wa shahada hutuletea michoro ambayo mwanamke aliyechorwa ana miguu mirefu kuliko mlingoti, kiuno hakipo, na gauni halionyeshi zipu itakaa wapi wala mvaaji ataingiaje ndani yake. Tukiuliza, tunaambiwa hiyo ni kazi ya fundi. Kisha gauni likitoka vizuri jukwaani, anayeitwa mbele ni mbunifu peke yake. Mimi sina cheti, nimelea watoto wanne kwa mkasi, na ninaamini kwamba mtu asiyeweza kukata na kushona hapaswi kuitwa mbunifu wa nguo.

Athi_Kiwandani
Fundi, nakuheshimu, ila usitupime sote kwa kipimo kimoja. Nilisomea ubunifu Nairobi, na mafunzo yangu kwa vitendo niliyafanya katika kiwanda kimojawapo cha nguo za kuuzwa nje huko Athi River. Kule hakuna mteja wa kupimwa kwa futi. Unapewa saizi moja ya sampuli nawe unatakiwa kutoa patani, yaani vielelezo vya kukatia kitambaa, za saizi zote zinazofuata, na ikiwa kifua kinaongezeka kwa sentimita 4 kutoka saizi moja hadi nyingine, kila robo ya patani inapokea sentimita 1, nayo lazima igawanywe vizuri ili shimo la mkono na shingo visiharibike. Baada ya hapo patani zote hupangwa kwenye kompyuta zikibanana kama vigae, kwa kuwa kitambaa hukatwa tabaka kwa tabaka, na nafasi ndogo iliyopotea kwenye mpango mmoja hupotea kwenye kila tabaka. Fundi wa mtaani aliye hodari kuliko wote hajaigusa kazi hiyo, kwa sababu kazi yake haimdai. Kila mmoja ana elimu yake.

FundiWaMchikichini
Sikukataa kwamba kiwanda kina elimu yake. Nilichosema ni kwamba wengi wanaotoka chuoni hawaendi kiwandani, wanafungua maduka mtandaoni na kuja kwetu kushonewa. Jibu hilo.

Athi_Kiwandani
Na wanaoagiza kwako wanakulipa. Ungependa wasije?

Mama_Kikoi
Ndugu zangu, tafadhali. Dada ameuliza kwa ajili ya mdogo wake. Ushauri wangu ni kwamba binti apitie VETA, yaani mafunzo ya ufundi stadi, kwanza, mikono ikomae, ndipo aende chuo kikuu.

Eldoret_Mfumaji
Mimi nasema kinyume chake. Nafasi ya chuo ikishapatikana isiachwe, kwa kuwa mkasi utamsubiri popote, lakini maabara ya nguo haimsubiri mtu. Nilifanya mafunzo yangu Rivatex, kiwanda ambacho Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua mwaka 2007, na ndipo nilipoiona pamba ikiingia, kisha ikawa uzi, ikafumwa, ikatiwa rangi. Tangu hapo nikichora nguo ninajua kitambaa kitaangukaje mwilini kabla sijakigusa.

Uzi_Mwekundu
Mwambieni mzee, baba yake binti, pia kwamba Mustafa Hassanali, aliyeanzisha Swahili Fashion Week pale Dar es Salaam mwaka 2008, ni daktari wa binadamu kwa kusomea. Huo ni ushahidi kwamba fani hii haihitaji shahada yake.

Pindo_na_Mji
Na Thebe Magugu wa Afrika Kusini, aliyetwaa tuzo ya LVMH ya wabunifu chipukizi mwaka 2019, alisomea mitindo Johannesburg. Huo nao ni ushahidi wa nini? Tusimpe mzee mfano wa mtu mmoja kana kwamba ni sheria.

Kanga_ya_Bibi
Nimekuwa nikisoma tu, lakini mada hii imenigusa mahali ambapo nimepafunika kwa muda mrefu.

Nilipokuwa mwaka wa mwisho nilipelekwa kufanya mafunzo kwenye karakana ya mbunifu ambaye wote tulimtamani. Sitamtaja, wala nchi sitaitaja. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kubandika shanga na kupiga pasi, na nilifanya kwa furaha kwa sababu niliamini niko shuleni. Nilikuwa na daftari langu la michoro, na ndani yake kulikuwa na gauni nililolifikiria kutokana na kanga za marehemu bibi yangu. Mnajua kwamba kanga ina pindo pande zote nne, na watu wakikata huitupa pindo au huiweka chini tu ya sketi. Mimi niliikata pindo ikawa mshipi unaoanzia bega la kulia, unazunguka mgongoni kwa ulalo na kushuka hadi nyonga ya kushoto, na jina la kanga likabaki zima, likisomeka mgongoni bila kukatwa na mshono. Nilihangaika nalo wiki nyingi kwenye marikani, kitambaa cha majaribio, kabla sijathubutu kugusa kanga yenyewe. Mbunifu aliomba daftari akalitazame nyumbani, akanirudishia baada ya siku chache akisema nina kipaji ila sijakomaa.

Miezi michache baada ya kuhitimu nilikwenda kutazama maonyesho ya mitindo. Nilikuwa nimekaa nyuma na rafiki yangu. Mwanamitindo wa tatu alipogeuka, niliona mshipi wa pindo ukipita mgongoni kwa ulalo, na jina likisomeka zima chini yake. Rafiki yangu alinishika mkono kabla mimi sijasema neno, maana alikuwa ameliona gauni lile kwenye daftari langu. Watu walisimama kupiga makofi. Mbunifu alitoka akainama, akazungumza kuhusu urithi wa bibi yake. Nilitoka nje nikatapika kando ya ukuta.

Nyuzi45
Mungu wangu. Pole sana, dada yangu.

Uzi_Mwekundu
Mtaje! Watu wa namna hii wanaendelea kupokea watoto wetu kwa sababu tunawaficha.

Mama_Kikoi
Asimtaje. Atashtakiwa yeye, na mwizi atabaki akipigiwa makofi.

Pindo_na_Mji
Dada Kanga, daftari bado unalo? Lina tarehe?

Kanga_ya_Bibi
Ninalo. Kila ukurasa una tarehe, na mwalimu wangu alikuwa akitia saini michoro yetu kila wiki. Wakati ule sikujua kwamba saini hizo zina maana yoyote zaidi ya alama za darasani.

Athi_Kiwandani
Zina maana kubwa. Mchoro wako ni kazi ya sanaa na unalindwa na haki miliki tangu ulipouchora, na saini ya mwalimu ni ushahidi wa wakati. Kwa walioko Kenya, umbo la vazi lenyewe linaweza kusajiliwa KIPI, taasisi ya mali miliki ya viwanda ya Kenya, kama ubunifu wa umbo kwa miaka 5, na usajili huo unaweza kurudiwa mara mbili hadi kufika miaka 15. Kwa upande wa Tanzania, mambo ya hakimiliki ya michoro hushughulikiwa na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya huko.

FundiWaMchikichini
Kusajili kila gauni ni kumaliza mtaji kabla ya kununua uzi. Mtindo ukitoka leo, wiki ijayo uko kila kibanda. Kinachomlinda mbunifu ni kutangulia kuuonyesha kwa jina lake. Ila nimeumia kwa ajili yako, mwanangu, na mshipi huo wa pindo ningependa kuuona kwa macho yangu.

BintiMarikani
Mimi namwambia mdogo wangu afanye haya: apige picha kila mchoro, ajitumie kwa barua pepe siku hiyo hiyo, na asimkabidhi mtu daftari zima. Dada Kanga, ahsante kwa kutuamini na jambo zito namna hii. Je, uliendelea na kazi?

Kanga_ya_Bibi
Ninaendelea. Ninashona sare za shule na nguo za harusi, na mwaka huu nimelirudia gauni lile kwa kanga nyingine, nikalibadilisha shingo. Wateja wangu wanalijua kuwa ni langu.

Eldoret_Mfumaji
Nirudi kwa jambo ambalo hatujamwambia mzee, nalo ni bei, kwa kuwa ndilo linalowafukuza wahitimu kwenye fani. Tulifundishwa kuchora kwa miaka yote, na hesabu ya gharama tulipewa kwa mihula michache. Muhitimu hujumlisha kitambaa na zipu, huongeza kidogo, na huita hiyo faida. Hajahesabu nauli ya kwenda kutafuta kitambaa, umeme wa pasi, marikani ya majaribio, saa alizokaa na mteja wakipima mara ya pili, wala mshahara wake mwenyewe kama fundi kabla ya kuwa mwenye duka. Binti aanze kuandika gharama za kila vazi tangu kazi ya kwanza ya darasani, hata kama hakuna anayelinunua.

Mama_Kikoi
Hapo tumekubaliana wote kwa mara ya kwanza. Na anunue kompyuta kabla ya kitu kingine chochote, maana kazi za viwandani na za mtandaoni zinaomba patani za kidijitali.

FundiWaMchikichini
Anunue ovaloki.

Nyuzi45
Naunga mkono ovaloki, na awe na njia ya kuiwasha umeme ukikatika.

FundiWaMchikichini
BintiMarikani, kama mnaishi Dar es Salaam, mlete huyo mdogo wako wakati wa likizo kabla chuo hakijafunguliwa. Nina cherehani moja ya kukanyaga isiyo na mtu asubuhi. Sitamtoza kitu, ila aje na mkasi wake wa kitambaa, na usiwe umewahi kukata karatasi.