Siku 150 nilizotangulia Moshi: zinaingia kwenye hesabu ya ukaazi wangu wa Kanada?

Mama wa Njiro

Habari za jioni wapendwa. Naomba mnisome hadi mwisho. Jambo langu lina tarehe nyingi, na mtu akiziruka atanijibu kwa kubahatisha.

Mimi ni Mtanzania, kwetu Machame. Mume wangu ni wa Kilema, lakini mwaka 2017 alichukua uraia wa Kanada, na kwa kuwa hapa kwetu hakuna uraia pacha, leo anaishi kwa kibali katika nchi aliyozaliwa. Mimi nilipata ukaazi wa kudumu kupitia yeye, nikatua Calgary tarehe 14 Juni 2021. Uraia wa kule sijaomba na siutaki. Marehemu baba aliniachia kipande cha kihamba, yaani shamba la ukoo, na nikiacha kuwa Mtanzania sitakuwa tena na haki ile ya ardhi. Kwa hiyo ukaazi ndio unaoniwezesha kuishi na mume wangu kule bila kuacha kwetu. Ukipotea, tunaanza maombi upya kama vile hatujawahi kuoana.

Tarehe 3 Novemba 2022 niliondoka Calgary peke yangu. Mama alikuwa amelazwa KCMC kwa kiharusi, na binti kwao ni mimi tu. Nilikaa naye Moshi nikimgeuza kitandani na kumnywesha uji kwa kijiko mpaka akaanza kukaa mwenyewe. Mume alibaki kazini. Baadaye akapata mkataba wa miaka mitatu hapa Arusha, akashuka KIA tarehe 2 Aprili 2023, tukapanga nyumba Njiro. Tangu siku hiyo tunaishi pamoja. Mkataba unaisha mwanzoni mwa Aprili 2026, tunarudi wote.

Ili ukaazi usipotee, sheria ya Kanada inataka siku 730 za kuwa kule ndani ya miaka mitano. Nimehesabu kwenye kalenda mara tatu: nilikuwa kule siku 507. Zinapungua 223. Nikiambiwa siku za Arusha hazihesabiki, lazima niwe nimetua Calgary tarehe 3 Novemba mwaka huu wa 2025, ndipo zitimie ifikapo 14 Juni 2026. Hapo ina maana nimtoe mtoto shuleni kabla ya mitihani ya kufunga mwaka, nimwache mume miezi mitano, na mama nimwachie nani?

Nasikia siku za kuwa nje na mwenzi ambaye ni raia zinahesabiwa kama vile uko Kanada. Sasa zile siku 150 kabla mume hajaja je? Na nitathibitishaje kwamba tunaishi pamoja wakati mkataba wa pango una jina lake tu, LUKU ya umeme ina jina la mwenye nyumba, na mimi wiki nyingine nalala Moshi kwa mama siku tatu au nne?

Kijana wa Sakina

Dada usijitese. Ingia Kanada kila miezi sita, kaa wiki mbili, pasipoti igongwe muhuri, urudi zako. Watu wengi wanafanya hivyo na hawajaguswa.

Mama Pacha, Kiboriloni

Mdogo wangu, tusimpoteze mwenzetu. Habari ya miezi sita watu wanaitoa kwenye kadi ya kijani ya Marekani, na hata kule haiko hivyo. Marekani wanaangalia kama makazi yako bado ni kwao kweli. Ukipitisha mwaka mzima nje, kadi peke yake haikurudishi. Ndiyo maana anayejua atakaa sana huomba kibali cha kurejea akiwa bado yupo kule. Kanada wao wanahesabu siku. Ukikaa wiki mbili umepata siku kumi na nne, basi, na nauli imekwenda.

Dada, hongera kwa kuhesabu. Mimi naongeza moja tu: uwe na hakika kwamba mumeo ni RAIA, na uthibitisho wake uwe mkononi. Shoga yangu alikaa hapa Moshi na mumewe miaka minne wakiamini wako salama. Mume alikuwa mkaazi tu kama yeye, na mwajiri wake ni shirika la hapa hapa. Angekuwa ameajiriwa na kampuni ya Kanada au serikali ya kule na kutumwa huku, mambo yangekuwa mengine. Siku zao hazikuhesabiwa hata moja.

Baba wa Rau

Dada, pole kwa kumuuguza mama. Nimekusoma mara mbili kwa sababu nami nimeipita njia hii, ila kwangu mke ndiye raia na mimi ndiye niliyemfuata hapa Moshi kwa kazi yake.

Siku 150 zitoe. Kanuni yao inahesabu siku ambayo kwa kawaida ulikuwa unaishi na mwenzi wako raia huko nje. Wewe ulikuwa Moshi, yeye Calgary, hapo hakuna mjadala. Usizichomeke kwenye fomu kwa matumaini. Ziandike kama zilivyo, siku za nje bila mume, kwa sababu ya ugonjwa wa mama. Ofisa akikukuta umezipenyeza, atazitilia shaka hata zile za haki.

Na huzihitaji, dada yangu! Anza kuhesabu tangu 2 Aprili 2023: siku ya 223 ilifika tarehe 11 Novemba mwaka ule ule. Ulishavuka muda mrefu. Kinachobaki ni kuthibitisha tu.

Kuhusu kulala kwa mama, hayo maneno "kwa kawaida" yananipa moyo. Makao yenu ni Njiro. Kwenda kilomita 80 kumwangalia mzazi na kurudi hakuvunji makao. Ila hakikisha karatasi zinasema hivyo hivyo. Kama benki, kliniki ya mtoto na simu vyote vina anwani ya Moshi, utaonekana mkaazi wa Moshi anayemtembelea mumewe Arusha.

Jambo ambalo mimi ningelipa uzito zaidi ni nani alimfuata nani. Mashauri ya namna hii yamewahi kufika mahakamani kule, watu wakibishana juu ya neno kuambatana: je, mkaazi alikuwa anamsindikiza raia, au raia ndiye aliyemfuata mkaazi kwao? Wewe ulitangulia, kwa hiyo swali hilo litarajie. Jibu unalo, lakini liwe kwenye karatasi: cheti cha hospitali chenye tarehe ya mama kulazwa, mkataba wa kazi wa mume unaoonyesha ulisainiwa lini na kwamba yeye alikuja kwa kazi yake, na chochote kinachoonyesha mliishi nyumba moja Calgary kabla hujaondoka. Andika barua ya ukurasa mmoja uyapange kwa tarehe kama ulivyotupangia sisi.

Sasa ushahidi wa kila siku. Kadi yangu ya ukaazi iliisha nikiwa hapa Moshi. Kadi kuisha hakuondoi ukaazi, lakini ndege haikubebi bila kadi hai au hati ya safari ya mkaazi, ambayo huombwa ukiwa nje kwa dola 50 za Kanada. Nikapeleka cheti cha ndoa na picha za harusi, nikaona nimemaliza. Wakaandika kwamba vile vinaonyesha tulioana, havionyeshi tuliishi pamoja. Usiku ule sikulala. Nikaanza kufukua makabati: ripoti za shule za watoto zilizoandikwa majina yetu wote wawili, kadi za bima, bili za maji, barua za benki za kila mmoja wetu kwa sanduku moja la posta. Kilichonisaidia sana, naamini, ni barua ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti aliandika kwamba anatufahamu kama kaya moja, tangu mwezi gani na nyumba ipi, akagonga muhuri. Nikaitafsirisha kwa Kiingereza na kiapo cha mfasiri, maana karatasi ya Kiswahili pekee hawaipokei. Hati ikatoka.

Nakuomba uanze leo kukusanya, usingoje Aprili. Karatasi ya mwaka 2023 ukiitafuta mwaka 2026, mwenye nyumba atakuwa ameshasahau hata jina lako.

Wakikukatalia hati ukiwa huku, una siku 60 za kukata rufaa. Na kumbuka siku hizi za mume zinalinda ukaazi tu. Ukibadili mawazo juu ya uraia, kule wanataka siku 1,095 za kuwepo mwenyewe ndani ya miaka mitano, na za Njiro hazimo.

Kijana wa Sakina

Kaka, nimekuelewa. Dada, samahani kwa ushauri wangu wa kwanza, niliusikia kwa jamaa wa Marekani nikauchukua mzima mzima.

Mama wa Njiro

Mdogo wangu wa Sakina, umesamehewa, ulitaka kunisaidia. Mama Pacha, cheti cha uraia cha mume kipo, nimekitoa nakala tatu leo asubuhi.

Baba wa Rau, Mungu akuzidishie. Nilimsomea mume jibu lako tukiwa mezani, akanyamaza, halafu akaniambia, "Basi huendi Novemba." Nililia, sitaficha. Miezi miwili hii kila nikimtazama mtoto akifunga kamba za viatu nilikuwa nahesabu wiki zilizobaki.

Kadi yangu inaisha Septemba 2026, kwa hiyo tukirudi Aprili itakuwa hai bado. Siku 150 nitaziandika kama zilivyo. KCMC nitaomba barua yenye tarehe ya mama kulazwa na kuruhusiwa. Nimempigia mwenye nyumba. Pango tunahuisha Oktoba, na amekubali mkataba mpya uwe na majina yetu wote wawili, tena ataandika barua kwamba tumekaa kwake pamoja tangu Aprili 2023. Ujumbe wa LUKU nimekuta ninao kwenye simu tangu Mei ya mwaka ule, karibu zote nimenunua mimi kwa namba yangu, mita ya nyumba hii. Sijui kama zina uzito, ila nazichapisha.

Swali dogo la mwisho kwa Baba wa Rau: barua ya mwenyekiti uliambatisha na kitambulisho chake, au muhuri ulitosha? Jumatatu asubuhi niko ofisini kwake kabla hajatoka.

Baba wa Rau

Muhuri ulitosha, lakini mwombe aandike na namba yake ya simu. Na mwezi mliohamia atamke yeye mwenyewe kutoka kwenye daftari lake la wakazi, usimtajie wewe.