Mikutano ya video ya ofisi, tuhame au tubaki?

Mabondo_Igogo:
Wakuu habari za jioni. Tuko sita tunauza mabondo ya sangara (vile vibofu vya hewa vya samaki), ofisi Igogo hapa Mwanza, mwenzetu mmoja anakusanya mzigo Nansio kisiwani Ukerewe na wateja wako Guangzhou. Hii programu ya bure tunayotumia kila tukifika kwenye bei muda unaisha, wote nje, mpaka mrudi ndani mteja keshapoa. Bosi anataka tuhamie Google Meet tulipie mwaka mzima, mi nasita. Nyie mnatumia nini?

FundiKirumba:
Mwambie bosi asilipe kwanza. China bara huduma za Google zimefungwa, mteja hiyo linki haifungui labda awe na VPN (programu ya kupita kwenye vizuizi vya mtandao), na mnunuzi huwezi kumtuma akatafute VPN ndo muongee bei ya bondo. WhatsApp nayo hivyohivyo. Muulize yeye anafungua nini, nadhani atakwambia WeChat au VooV, zote programu za Tencent ya Wachina. Nyie kwa nyie Meet ya bure inawatosha, dakika 60 mkiwa watatu kwenda juu, Zoom ya bure ni 40.

BintiUkerewe:
Na huyo wa Nansio mnamuonea huruma kweli? Bando linaenda na maji. Zoom wenyewe wanasema video ya watu wawili inataka kasi ya intaneti ya kbps 600 kupanda na 600 kushuka, sauti tupu haizidi 80. Piga hesabu, saa moja ya video ni zaidi ya nusu giga, sauti haifiki MB 100. Azime kamera, picha za mzigo atume kabla.

Mhasibu_Pasiansi:
Mkihama msihame kwa pupa. Sisi tulihama Ijumaa, Jumatatu nusu ya ofisi iko kwenye linki ya zamani inasubiriana, kila mtu anamlaumu mwenzake 😂 Rekodi za mikutano zilizohifadhiwa mtandaoni zishusheni kabla hamjafunga akaunti, mzime na malipo ya kujirudia, halafu lipeni mwezi mwezi mpaka muizoee. Na saa muangalie, Guangzhou wako mbele masaa matano, mkimpigia saa kumi jioni kwake saa tatu usiku, kachoka huyo, bei atawabana tu.

Mabondo_Igogo:
Mrejesho: mteja kajibu, WeChat, tena anashangaa kwanini muda wote hatukumuuliza. Bosi kanuna ila kadi ya benki karudisha mfukoni. Wabeja sana.