Mrejesho: vidonge vya mwani na rovu la mama

Asalaam alaykum. Niliuliza kama mama, mwenye rovu na anayemeza levothairoksini (dawa ya homoni ya tezi ya shingoni), atumie vidonge vya mwani alivyoletewa kutoka Uingereza. Aliyesema tuende na kikopo chenyewe, ahsante sana. Daktari hapa Chake Chake kakisoma, akasema aviache. Ni vya kelpu, mwani wa kahawia wa bahari za baridi, ambao huwa na madini joto mengi mno; mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku, na yakizidi tezi huweza kulala au kwenda mbio. Na kikopo hakikutaja kiasi! Mama kanuna: “Mbona sisi twalima mwani?” Kweli, lakini wetu ni mwekundu, na mwingi twauuza. Damu atapimwa tena baada ya wiki sita.