Tupeane uzoefu: makumbusho na bustani za pwani ya kusini mwa Ufaransa, nani mwingine yalimkuta?

Mama Wawili:
Wakuu habari zenu. Leo kwenye simu imenijia picha ya lile jumba jekundu la makumbusho ya mchoraji Matisse kule Cimiez, Nice, nimecheka peke yangu jikoni mpaka wanangu wamekuja kuchungulia. Mama yangu mzazi alikuja kunitembelea mwezi wa kumi na moja mwaka juzi, ndege yenyewe ndo mara ya kwanza kupanda, nikasema huyu nimpeleke mahali pa maana asije akarudi Morogoro akasema alichokiona Ulaya ni sinki la mwanae. Basi tukapanda basi mpaka juu, mama kajifunga kitenge kipya na koti langu juu yake, kufika mlangoni pamefungwa. Jumanne. Nikamwambia tupumzike kwanza hapo kwenye ile mizaituni, mikongwe kweli ile, mashina yamejisokota kama kamba. Mimi nimeinamia simu natafuta pa kwenda, nasikia "zambarau za huku vidogo", kugeuka mama kashaokota tunda jeusi, kashalifuta na upindo wa kitenge, kashaweka mdomoni. Zaituni mbichi jamani! Ile sura alivyoikunja sijawahi kuiona tangu nizaliwe, katema, kajifuta ulimi na koti langu, halafu kanyamaza kabisa, na mnajua mama akinyamaza.

Njia za hapo zina majina ya wapiga jazi, Louis Armstrong, Duke Ellington, mama akasoma kibao akauliza "na hawa ndio waliozikwa hapa?" Kumbe aliyezikwa hapo ni Matisse mwenyewe, makaburi yako kule kwenye monasteri. Tukateremka kwa mguu mpaka makumbusho ya Chagall, mchoraji mwingine, mama analalamikia magoti njia nzima, kufika na penyewe pamefungwa, Jumanne hiyohiyo. Akaniambia "kwa hiyo umenileta kuangalia makufuli."

Nani mwingine alipatikana? Tupeane uzoefu.

kipofu_wa_ramani:
Hahaha zambarau! Shikamoo yake mama.

Mzee wa Tiketi:
Jumanne ndo siku yao makumbusho mengi ya serikali Ufaransa, hata Mucem, makumbusho makubwa ya Marseille, Jumanne hugusi. Na Jumapili ya kwanza ya mwezi unaingia Nice bure, msitupe hela.

Mtoto wa Korogwe:
Mimi langu ni Èze. Kile kijiji cha mawe juu ya mlima kati ya Nice na Monaco, kileleni kuna bustani, wanasema mita 429 toka baharini, na nyie wenye pumzi mnaweza mkabisha ila mapafu yangu yalihesabu zote. Rafiki yangu kaninyanyasa wiki nzima twende, kuna mimea ya ajabu utafurahi. Nimelipa kiingilio, nimepanda ngazi, nafika juu nakuta MKONGE. Wakuu, mkonge. Una kibao chake kidogo na jina la kilatini, umezungushiwa vijiwe, kuna Mjapani kapiga goti anaupiga picha kwa adabu zote. Mimi marehemu baba kakata mkonge shambani miaka ishirini na kitu, mikono yake ilikuwa na vidoti vyeusi vya miba ambavyo havikutoka mpaka tunamzika, halafu leo natoa euro zangu kuuangalia kama mgeni rasmi. Nilicheka halafu nikakaa chini. Jamaa yangu akadhani ni uchovu wa ngazi.

Nyokabi wa Laikipia:
Aki umenikumbusha! Mimi hapo hapo Èze nilipata dungusi kakati imewekwa kama malkia. Hiyo kitu kwetu imekula malisho yote, mbuzi wakila zile tunda miba inawaingia mdomoni na machoni wanakufa, watu wanaichimba usiku na mchana haiishi. Nikaambia yule mlinzi kama mnataka zaidi kujeni na lori, ni bure. Hakuelewa.

Dokta Majani:
Samahani kidogo Mtoto wa Korogwe, uliouona kuna uwezekano mkubwa sio mkonge, ni ndugu yake, Agave americana, ule wenye majani mapana ya kijivu. Mkonge wa Tanga ni sisalana. Na wote asili yao ni upande wa Mexico, kwa hiyo "mkonge wetu" tuiache. Mjerumani Hindorf ndiye aliuleta 1893, miche ilitoka Florida, mingi ilikufa njiani ikafika hai 62 tu.

Mtoto wa Korogwe:
Mkuu mimi nakueleza habari za baba yangu we unaniletea kilatini.

Dokta Majani:
Nimesema samahani mwanzoni.

Mtoto wa Korogwe:
Hiyo 62 ndiyo iliyomkunja mzee mgongo, sasa ije itoke Mexico au mwezini, mlingoti wa mkonge nikiuona naujua. Jifungulie uzi wako wa kilimo.

Nyokabi wa Laikipia:
Wacha vita nyinyi wawili, kuna bustani za kutosha.

Tausi:
Mimi sio mwandishi, huwa nasoma tu napita, ila mliposema bustani mkono umeanza wenyewe.

Ilikuwa mwaka wangu wa pili wa masomo, naishi Nice. Mwalimu wetu alitusimulia bustani ya Hanbury, iko upande wa Italia, ukivuka mpaka tu kabla ya Ventimiglia, Mwingereza mmoja tajiri wa biashara za Shanghai aliianza 1867, ni kama hekta 18 inateremka kutoka barabarani mpaka baharini. Nikaenda peke yangu Jumamosi. Nilifurahi siku ile, sitaki kudanganya. Unaingia juu unashuka, unashuka, mishubiri imechanua, chini kabisa kuna kipande cha barabara ya Warumi kimepita katikati ya bustani, mawe yamelainika kabisa, nikavua viatu nikayakanyaga. Kupanda kurudi ndo nilimkumbuka Mungu.

Jioni nikapanda treni Ventimiglia. Kiti cha mbele yangu wamekaa vijana wawili, wa Sudan, mmoja anajua Kiingereza kidogo. Simu yangu imezima kwa mapicha, akaona nahangaika na waya, akanipa pawabanki yake bila hata kumuomba. Pawabanki ya bluu, ina ufa pembeni umefungwa na plasta, plasta ya kidonda hii. Tukaongea habari za mpira.

Stesheni ya kwanza upande wa Ufaransa treni ikasimama, wakapanda askari. Behewa limejaa, kuna wazee, kuna wazungu na mabegi ya pwani, kuna familia imenunua majibini Italia. Walioombwa makaratasi tulikuwa watatu. Mnajua tayari ni akina nani. Na kadi yangu ya ukazi, wakuu, iko Nice kwenye begi lingine, maana nilibadilisha begi asubuhi ili lifanane na viatu. Naandika hii nacheka lakini siku ile sikucheka.

Tukashushwa. Nikaulizwa nimetoka wapi, nasema bustanini. Bustani gani? Nikatoa tiketi. Akaigeuza mbele nyuma, akaniuliza umevuka mpaka kwenda kuangalia miti? Nikasema ndiyo. Akaniuliza miti gani. Hapo nimesimama ukutani, watu wanapita na mabegi yao wananitazama, mimi natetemeka nataja miti, mishubiri, mlimau, misonobari, nikasahau majina kwa Kifaransa nikaanza kuonyesha kwa mikono mti wa mwavuli ulivyo. Mwenzake akacheka. Kile kicheko ndo nakumbuka kuliko vyote.

Simu ikapata asilimia nne kwa ile pawabanki, nikampigia ninayeishi naye, akachukua kadi akapanda treni inayofuata. Nilikaa zaidi ya saa mbili. Alipofika wakaangalia kadi nusu dakika, "sawa, nenda." Wale vijana walikuwa wameshaondolewa, nilimuuliza askari wameenda wapi akanyoosha kidole tu huku tulikotoka. Italia. Kwa mguu, usiku.

Pawabanki nilibaki nayo. Sina jina lake kamili, sina namba. Bado inachaji.

Mama Wawili:
Tausi mwanangu pole sana. Mimi nimeleta habari za zambarau, sikujua.

kipofu_wa_ramani:
Nimesoma mara mbili.

Chuma Ulete:
Pole dada lakini na wewe unavuka mpaka bila karatasi? Hata Namanga huwezi. Sheria ni sheria.

Nyokabi wa Laikipia:
Wewe Chuma Ulete umesoma hapo kwa "walioombwa walikuwa watatu" ama uliruka? Ile familia ya majibini iliulizwa karatasi?

Chuma Ulete:
Sijasema walifanya haki. Nimesema beba karatasi.

Mzee wa Tiketi:
Mpaka ule ukaguzi ulirudishwa toka Novemba 2015 na mpaka kesho wapo. Piga picha ya kadi weka kwenye simu inatosha, mimi nimepita nayo mara nyingi.

Tausi:
Nilikuwa na picha. Haikutosha.

Chuma Ulete:
Umeona. Orijino, siku zote.

kipofu_wa_ramani:
Orijino ikiibiwa Ventimiglia je? Bora ukae bustani za upande wa Menton, mji wa mwisho wa Ufaransa kabla ya mpaka, uitazame Italia kwa mbali, haikuulizi kitu.

baharia_wa_Malindi:
Mie wa Malindi ya Unguja, si ile ya Kenya, msije mkanchanganya. Meli yetu ikitia nanga Villefranche, jirani na Nice, abiria hushushwa kwa boti ndogo, na sie wafanyakazi siku ya bahati hupewa saa nne. Wenzangu wote walikwenda kutafuta intaneti ya bure, mie kila siku nikiliona lile jumba la waridi kule Cap-Ferrat, nkasema leo nnakwenda. Kumbe la bibi mmoja wa ukoo wa Rothschild, Béatrice, alilijenga kuanzia 1905, bustani tisa, kila moja kwa mtindo wake. Na ile bustani kubwa kaitengeneza kama sitaha ya meli, ukisimama dirishani bahari iko kushoto na kulia, na watunza bustani wake nasikia aliwavisha kofia za mabaharia, zile zenye kishungi chekundu. Wallahi nilicheka. Mie natoroka melini kwa saa nne nakwenda kukaa kwenye meli ya maua.

Chemchemi zao hucheza kwa muziki kila dakika ishirini. Nkakaa kwenye benchi ningoje. Zikacheza, nkasema ngoja mara ya pili. Mara ya pili sikuziona, nililala. Kuja kuzinduka maji yanaruka muziki unalia jua limeshageuka, nimebakiwa na nusu saa! Nilikimbia toka Cap-Ferrat mpaka gatini na viatu mkononi, boti ya mwisho inafungua kamba, yule mfilipino wa kamba akanambia "museum?" nkamwambia "sleep." Akacheka mpaka melini.

Mtoto wa Korogwe:
Baharia usingizi wa euro ngapi huo?

baharia_wa_Malindi:
Nnalipia cha chumba changu kisicho dirisha, sembuse hicho.

Bi Huruma:
Naomba niseme na mimi. Nalea wazee, kazi ya usiku, miaka sita sasa. Kuna bibi niliyekuwa namhudumia aliniambia siku yako ya mapumziko nenda Vence, mji wa huku nyuma ya Nice, uone kikanisa, hakunieleza zaidi. Nikaenda. Kikanisa chenyewe kidogo, cheupe, madirisha ya vioo vya njano, kijani na buluu, ukutani vigae vyeupe vyenye michoro ya mistari myeusi tu. Nimekaa, jua likatoka kwenye wingu, ile rangi ikamwagika sakafuni mpaka kwenye soksi zangu.

Halafu nikasoma historia yake. Matisse alipasuliwa tumbo 1941, akabaki mtu wa kitanda na kiti cha magurudumu, 1942 akapata nesi msichana wa kumuangalia, Monique Bourgeois. Yule binti baadaye akawa mtawa, wakakutana tena hapo Vence, na kikanisa kikatokana na urafiki ule, kilimalizika 1951. Mzee mgonjwa alichora akiwa na fimbo ndefu ya mwanzi, kipande cha mkaa kimefungwa kwenye ncha. Sasa yule bibi yangu ana fimbo, ile ya kuokotea vitu chini, huwa ananichokoa nayo begani nikisinzia. Niliposoma habari za fimbo ndo machozi yakaja, mtunza mlango akaniletea tishu bila kuuliza.

Picha hairuhusiwi ndani, msiniombe.

Mama Wawili:
Bi Huruma, ulimwambia bibi kwamba ulilia?

Bi Huruma:
Nilimwambia. Akasema "nilijua, ndo maana sikukueleza."

Chuma Ulete:
Mimi nilifika hapo. Mbona ile michoro hata sura hawana? Mtakatifu hana macho hana pua. Mwanangu wa darasa la pili anachora na pua.

Bi Huruma:
Rudi ukae kimya robo saa, halafu uje uongee.

Dokta Majani:
Hapo naungana na Chuma Ulete kidogo.

Mtoto wa Korogwe:
Wewe lazima, haina jina la kilatini.

Mzee wa Tiketi:
Nirekebishe nilichosema juu, kuna mtu kanitumia ujumbe ana hasira, Jumapili ya kwanza bure ni Chagall, kwa Matisse ni la manispaa wana utaratibu wao. Mwenye chini ya miaka 26 na anaishi nchi za Umoja wa Ulaya Chagall anaingia bure siku zote, nenda na kitambulisho. Samahani mkuu uliyelipa.

kipofu_wa_ramani:
Mama Wawili, mama aliyaona mwishowe hayo makumbusho au alirudi na makufuli?

Mama Wawili:
Tulirudi Alhamisi kwa Chagall. Alikaa mbele ya picha ya Nuhu muda mrefu sana, nikadhani kaguswa. Kutoka nje akaniambia kulikuwa na benchi na joto, magoti yamepona. Ila kadi ya ile picha kanunua, iko sebuleni Morogoro pembeni ya kalenda ya parokia.

mgeni_jana:
Asanteni wote nimejifunza mengi. Mimi ndo kwanza nimefika Nice, niko siku tatu tu. Kesho Jumatatu nimepanga treni ya asubuhi niende Antibes kwenye ngome ya Picasso, Jumanne ndo nipumzike kama mlivyosema.

Mzee wa Tiketi:
Antibes wanafunga Jumatatu.