Naomba ushauri: eksepsheni (makosa yanayorushwa programu inapokwama) nizikamatie wapi kwenye Spring Boot, ile fremuweki ya Java?

Wakuu habari zenu, naombeni msaada hapa nimekwama. Nina sistimu ya kusajili wanachama wa saccos, ina leya tatu za kawaida yani kontrola (inapokea maombi), sevisi (kazi yenyewe) na ripozitori (inaongea na databesi), na kila leya nimejaza try-catch, zile za kukamata eksepsheni. Sasa mtu akisajiliwa mara ya pili kwa namba ileile ya simu inarushwa DataIntegrityViolationException (databesi imekataa data), sevisi inaikamata inaandika kwenye logi halafu inarudisha null (yani hakuna kitu), kontrola nayo ikiitumia hiyo null inapigwa NullPointerException, mtumiaji anaona 500 (kosa la seva) wakati ilitakiwa apate 409 (data inagongana) na ujumbe kwamba namba ishatumika. Juzi nimekesha mpaka saa nane usiku natafuta kosa kumbe ile catch ndo imelimeza.

Nawaza nifute try-catch zote, sevisi irushe eksepsheni zangu kama NambaImeshatumika, halafu @RestControllerAdvice moja tu, yani klasi inayokamata eksepsheni za kontrola zote, izigeuze kuwa majibu. Kinachonitisha ni @Transactional (inafanya hatua zote za databesi zifaulu au zifutwe pamoja), maana usipoiambia kitu inarolibaki, yani inafuta mabadiliko, kwa RuntimeException na Error tu, zile ambazo kompaila inakulazimisha uzitangaze zinapita na data inakomitiwa (inahifadhiwa moja kwa moja) nusunusu, na hii ni hela ya watu jamani. Je zangu zote zirithi RuntimeException? Na ile ya databesi niigeuze ndani ya sevisi au niiache ipande yenyewe mpaka juu? Mliowahi kupitia hii mlifanyaje?