Naomba ushauri: Curtiss XF9C-1 au IS-1 ya Warusi?

Kurasini77: Wakuu habari za jioni. Jamaa yangu anarudi kutoka Ulaya wiki ijayo na begi lake lina nafasi. Nataka modeli ya ndege ya kivita ya majaribio, ya bawa juu na bawa chini, za miaka ya kati ya vita kuu mbili. Nimebaki na Curtiss XF9C-1 ya 1931 na ile IS-1 inayokunja bawa la chini ikiwa angani. Nichukue ipi?

Fundi Balsa: Ya kurusha kwa rimoti au ya kabatini? Plastiki au mbao? Skeli gani, yaani imepunguzwa mara ngapi kutoka ndege halisi? Bajeti? Mnaleta swali nusu halafu mnaenda kulala.

MamaPropela: Curtiss, usijiulize mara mbili. Ilibuniwa kwa ajili ya meli za kubeba ndege, Jeshi la Majini la Marekani halikuridhika nayo. Kilichoiokoa ni udogo. Upana wa mabawa ni kama mita 7.75 tu, kwa hiyo ilipita kwenye mlango wa tumboni mwa yale maputo makubwa ya doria yenye injini, Akron na Macon. Inashushwa, inafanya doria, inarudi kujinasa kwa ndoano yake juu ya bawa. Baadaye wakawa wanavua hata magurudumu na kufunga tangi la ziada. Kabatini unaitundika tu!

Fundi Balsa: Zilizovuliwa magurudumu ni F9C-2, zile zilizoingia kazini, dada. Kuanzia XF9C-2, ya majaribio ya pili, bawa la juu liliinuliwa sentimita 10 hivi ili rubani aone mbele. Mtu akinunua ya majaribio akaipaka rangi za Macon, nitamcheka.

MamaPropela: Cheka. F9C-2 zenyewe zilitengenezwa 6 tu, na 4 zilizama na Macon pwani ya California, Februari 1935. Ndiyo maana naipenda.

Kurasini77: Ya kabatini, plastiki. Skeli sijui.

Mzee Kestrel: Kabla hujalipa, sikiliza. Niliagiza seti ya mbao ya ndege za aina hii kwa muuzaji wa nje, simtaji. Boksi likakaa forodhani mpaka nikalisahau. Kulifungua, nguzo za kushikilia bawa la juu zote ni za upande wa kushoto. Nikamwandikia. Akasema tuma picha. Nikatuma. Akajibu kwamba boksi lilipimwa uzito kabla ya kutoka, haliwezi kuwa na upungufu! Nikachonga za kulia kwa mwanzi, bawa likakaa upande. Na ndege hizi bawa la juu likienda upande kidogo tu, nyaya za huku zinalegea na za kule zinakaza. Nikavuta mshipi wa kuvulia niliouweka badala ya waya, nguzo ikang'oka. Mpaka leo iko juu ya kabati la nguo, mama watoto anaiita kunguru. Fungua boksi mbele ya muuzaji, kijana.

Injini_M63: IS-1 haina mateso hayo ya nyaya. Mbunifu Nikitin na rubani Shevchenko walitaka ipae na kutua kwa mabawa mawili ili itumie uwanja mfupi, ikishapaa bawa la chini linajikunja, inakimbia kama ya bawa moja. Akili kubwa ile.

Fundi Balsa: Akili kubwa iliyobeba uzito wa mitambo bure. Halafu iliruka 1940, hiyo si ya kati ya vita.

Injini_M63: Urusi ilivamiwa 1941.

Fundi Balsa: Na Finland 1939 walienda kutembea?

Mzee Kestrel: Mnagombania Warusi wakati Hawker Fury, ndege za kivita za Waingereza za mabawa mawili, zilipigana hapa hapa. Afrika Kusini walizileta Kenya 1940 kupambana na Waitalia. Ilipoanza kazi Uingereza, 1931, ilikuwa ndege ya kivita ya kwanza ya jeshi lao la anga kupita kilomita 320 kwa saa.

Kurasini77: Mzee, Fury si ya majaribio.

Mzee Kestrel: Mfano wake wa kwanza uliitwa Hornet. Huo ni wa majaribio.

MamaPropela: Tumeshafika Kenya, basi. Kurasini, muulize jamaa yako kama atapita na rangi ya njano pia, mimi yangu imekauka.

Injini_M63: Na mbao nyepesi ya balsa ya milimita 2, kama begi bado lina nafasi. Nitalipa.